ALIYESEMA KWELI ALIFUKUZWA KAZI



Gari likifa injini njiani, tajiri huuliza swali moja tu: "Nani alikuwa akiendesha?" Haulizi injini hiyo iliundwa namna gani, wala haulizi kama dereva alikwisha kusema tangu mwezi uliopita kwamba inagonga, na asisikizwe. Dereva huitwa ofisini, huambiwa hakutazama oili, na mwisho wa mwezi mshahara wake hutoka umemegwa. Fundi naye huambiwa kazi yake ni mbovu. Karani huandika, meneja hutia sahihi, na maneno yamekwisha.

Leo twataka kuwaelezeni habari ya injini ambayo haikuuawa na dereva wala na fundi wa gereji. Ilitoka kiwandani na ugonjwa wake tumboni. Tena twataka kuwaelezeni habari ya mtu aliyekuwa ndani ya nyumba hiyo, akasema kwamba wenye nyumba hawasemi yote, na malipo yake ya kwanza yakawa ni kufukuzwa kazi. Mambo haya yalitokea Korea Kusini na Marekani. Lakini mtu yule alikuwa mtu wa mshahara kama sisi, na jambo lililompata laweza kumpata kila mmoja wetu kesho asubuhi.

INJINI ILIYOZALIWA NA UGONJWA

Kampuni ya Hyundai ya Korea Kusini ina kiwanda katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama, Marekani. Kiwanda hicho kilianza kutoa motokaa mwaka 2005. Huko ziliundwa injini ziitwazo Theta II, za lita 2.0 na lita 2.4, nazo zikatiwa katika motokaa aina ya Sonata za miaka ya 2011 na 2012, na baadaye katika aina nyingine.

Mafundi wenzetu watafahamu upesi, lakini na tuwaeleze wote. Ndani ya injini mna krankshafti, yaani kile chuma kizito kinachozungushwa na pistoni. Kila pistoni imeshikana na krankshafti kwa konrodi, na hapo zinapokutana pana beringi. Beringi haitakiwi kusuguana na chuma kikavu. Huelea juu ya oili, na oili hiyo husukumwa na pampu ikapita katika vitundu vilivyotobolewa ndani ya krankshafti yenyewe. Kila aliyewahi kutoboa chuma anajua kwamba chuma kikitobolewa huacha vichembe. Yapasa vichembe hivyo visuguliwe na kuoshwa mpaka vyote vitoke.

Mwaka 2015 kampuni yenyewe iliiambia serikali ya Marekani kwamba katika injini hizo huenda vichembe havikutolewa vyote. Vichembe vikikaa katika njia ya oili, beringi hukosa oili. Beringi ikikosa oili hulika. Injini huanza kunoki, ko-ko-ko, na sauti huzidi kadiri unavyokanyaga. Asiyesimama hapo atasimamishwa: injini hukwama gari likiwa mbioni, pengine katikati ya barabara kuu, lori nyuma na basi mbele. Na konrodi ikivunjika yaweza kutoboa bloku, oili ikamwagikia chuma cha moto, na gari likashika moto watu wakiwa ndani.

Chembe hiyo ni ndogo kuliko punje ya mchele. Dereva hawezi kuiona. Fundi wa gereji hawezi kuiona mpaka afungue injini. Basi dereva huyo akiambiwa kwamba yeye ndiye aliyeiua injini, anaonewa. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa hata huko Marekani: wako wenye magari waliopeleka injini zilizokufa, wakadaiwa kwanza risiti za kubadilisha oili, kana kwamba kosa ni lao.

Mwezi wa Septemba 2015 Hyundai iliyaita magari yapatayo 470,000 yarudi. Kuliita gari lirudi maana yake ni hii: mtengenezaji hukiri mbele ya serikali kwamba gari lina kasoro ya hatari, humpelekea kila mwenye gari barua, naye mwenye gari hulileta likatazamwe na kutengenezwa bila ya kulipa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1966 ndiyo iliyomlazimisha mtengenezaji kuwaarifu watu, na mwaka 1974 ikaongezwa kwamba atengeneze bure. Matajiri wa motokaa hawakuziomba sheria hizo. Zilipatikana kwa sababu watu walipiga kelele kwa muda mrefu.

Mngedhani basi kwamba mambo yamekwisha. Hayakwisha. Kampuni ya Kia, ambayo ni ndugu wa Hyundai na hutumia injini za ukoo huo huo, haikuita magari yake mwaka ule. Na Sonata za miaka iliyofuata nazo hazikuitwa. Ugonjwa ni mmoja, lakini aliyepelekwa hospitali ni mgonjwa mmoja, wenzake wakaachwa barabarani.

MTU MMOJA NA KARATASI ZAKE

Huko Korea Kusini alikuwako injinia mmoja, jina lake Kim Gwang-ho. Alikuwa ameitumikia Hyundai miaka ipatayo 25. Kazi yake ilikuwa katika upande wa ubora wa magari, na huko ndiko alikoona karatasi za kampuni zilizoonyesha kwamba hatua zilizochukuliwa juu ya kasoro hazitoshi. Mtu huyu hakuwa mgeni wala mshindani wa kampuni. Alikuwa amekula chumvi yake robo ya karne.

Mwezi wa Agosti 2016 alikwenda mpaka Washington, akapeleka habari hizo kwa idara ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa magari barabarani, ijulikanayo kwa herufi NHTSA. Aliwapa habari pia wakubwa wa serikali ya nchi yake. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo kampuni ikamfukuza kazi. Sababu iliyotolewa ni kwamba ametoa nje siri za biashara.

Siri za biashara! Ndugu zangu, tulipime neno hilo. Siri ya biashara ni namna ya kuchanganya rangi, au bei utakayomtajia mnunuzi. Injini itakayokwama juu ya daraja mama akiwa na watoto nyuma si siri ya biashara. Hiyo ni hatari, na hatari ni mali ya kila mtu atakayedhurika nayo. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa aliyeficha ni mmoja, na watakaoumbuliwa ni wengine.

Sasa tazameni yaliyofuata. Mwisho wa Machi 2017 Hyundai na Kia kwa pamoja ziliita magari yapatayo milioni 1.19 huko Marekani kwa sababu ya injini hizo. Mwezi wa Aprili magari yapatayo 171,000 yakaitwa huko Korea Kusini. Mwezi wa Mei serikali ya Korea Kusini ikailazimisha kampuni kuita magari mengine yapatayo 238,000 kwa kasoro nyingine zilizotajwa na Kim. Mtu aliyefukuzwa kwa kusema maneno yasiyofaa kusemwa! Kama maneno yake yalikuwa ya uongo, magari hayo yote yaliitwa kwa ajili gani?

Mwaka huo wa 2017 tume ya serikali ya Korea Kusini inayopinga rushwa na kutetea haki za raia iliamuru arudishwe kazini. Alirudishwa, lakini hakukaa. Mwaka huo huo akaondoka kwa mapatano. Mnajua wenyewe ilivyo kukaa katika ofisi ambayo wakubwa wake wamekuandika katika kitabu cheusi.

Mwezi wa Novemba 2020 idara ya NHTSA ilisema kwamba kampuni hizo mbili zilichelewa kuita magari zaidi ya milioni 1.6, na kwamba baadhi ya habari walizoipa serikali hazikuwa sawa. Hyundai ilitia sahihi adhabu ya dola milioni 140, na Kia dola milioni 70. Jumla milioni 210. Katika hizo, fedha za kulipwa papo hapo zilikuwa milioni 54 kwa Hyundai na milioni 27 kwa Kia, yaani milioni 81. Nyingine zilitakiwa zitumike kuboresha kazi ya usalama, au ziliwekwa kiporo zidaiwe wakirudia kosa.

HOJA TATU ZA MATAJIRI, NA MAJIBU YAKE

Hoja ya kwanza husema hivi: "Mtu anayetoa habari mbaya za kampuni anawanyang'anya wenzake mkate. Kampuni ikianguka, wote mtalala njaa." Hoja hii ndiyo yenye sumu kuliko zote, maana hata baadhi ya wanachama wetu huirudia. Jibu letu ni hesabu. Ni nani aliyeipotezea kampuni dola milioni 210? Je, ni injinia aliyesema mwaka 2016? Serikali haikutoza adhabu kwa sababu kasoro ilisemwa. Ilitoza kwa sababu ilichelewa kusemwa. Kuosha vichembe vya chuma ni kazi ya maji na dakika chache. Kubadilisha injini laki kwa laki ni gharama isiyo na mwisho, na juu yake adhabu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayekuonyesha ufa ungali mdogo ndiye anayekulindia nyumba. Basi asiitwe adui.

Hoja ya pili husema: "Alifanya kwa tamaa ya fedha." Ni kweli kwamba alilipwa. Mwisho wa mwaka 2015 Marekani ilitunga sheria kwamba mfanyi kazi wa kampuni ya motokaa akitoa habari iliyosababisha adhabu inayozidi dola milioni moja, aweza kupewa kati ya sehemu 10 na sehemu 30 katika kila 100 ya fedha zilizotozwa. Mwezi wa Novemba 2021 Kim alipewa zaidi ya dola milioni 24, ambazo ni sehemu 30 katika kila 100 za zile milioni 81. Lakini hesabuni miaka. Alisema 2016, akalipwa 2021. Miaka mitano. Alipofukuzwa hakuwa na hakika ya senti moja. Mwenye tamaa ya fedha angalinyamaza, akangoja pensheni yake kwa raha. Tena tuulize: meneja anayenyamaza ili mauzo ya mwaka yasishuke na bahashishi yake isipungue, huyo mbona hatumwiti mwenye tamaa?

Hoja ya tatu husema: "Hayo ni mambo ya ng'ambo. Sisi hapa hatuundi injini." Ndiyo, injini hizo haziundwi hapa. Lakini magari mengi ya Kenya huja yakiwa yamekwisha kutumika kwingine. Utaratibu wetu wa kuingiza magari unaruhusu gari lililotumika lisilozidi miaka 8. Katika miaka 8 gari laweza kuitwa mara moja, mara mbili, hata tatu. Barua ya kuliita humfuata mwenye gari aliyeandikishwa huko lilikonunuliwa kwanza. Gari likiisha kuuzwa, likapakiwa melini na kushushwa Kilindini, barua hiyo humfuata nani? Humfuata mtu aliyekwisha kulisahau. Gari lenyewe liko Nakuru linabeba mikate, na dereva wake hajui kwamba lilitakiwa kurudi likatengenezwe bure. Anachojua ni kwamba linagonga. Na likifa, ataulizwa nani alikuwa akiendesha.

SHERIA IPO, LAKINI IMELALA KABATINI

Ndugu wengi hawajui ya kuwa sheria za nchi yetu zimekwisha kusema mambo kadha wa kadha juu ya jambo hili. Na tuyataje, ili mtu asidanganywe ofisini.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu tajiri kukata mshahara kiasi cha haki kwa uharibifu wa mali yake uliotokana na kosa la makusudi la mfanyi kazi. Shikeni neno hilo: la makusudi. Beringi iliyokosa oili kwa sababu ya vichembe vya kiwandani si kosa la makusudi la dereva. Hata injini iliyokufa kwa uzee si kosa la makusudi. Tajiri anayekata mshahara bila ya kuonyesha makusudi, anachukua kisicho chake.

Kifungu cha 46 cha sheria hiyo hiyo chasema kwamba kupeleka malalamiko au mashitaka juu ya tajiri si sababu ya haki ya kumfukuza mtu, isipokuwa malalamiko yawe ya ovyo yasiyo na msingi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 8, yakataza kumfukuza au kumtesa mfanyi kazi kwa sababu tu amelalamika juu ya jambo analoliona si salama. Na kifungu cha 14 chamtaka mfanyi kazi amwarifu msimamizi wake kila aonapo hatari kubwa. Yaani kusema si ujuba. Kusema ni wajibu uliowekwa na sheria.

Na Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupata vitu vyenye ubora wa kufaa, kulindwa afya na usalama wake, na kulipwa akidhurika kwa kasoro ya kitu alichouziwa.

Sasa mtauliza: kama sheria ni hizo, mbona tunaonewa? Ni kwa sababu sheria haina miguu. Haiji yenyewe gereji. Mtu mmoja akisimama peke yake na karatasi ya sheria mkononi, meneja atamwambia aende mahakamani, na mtu huyo hana nauli ya wiki mbili. Kim Gwang-ho alipanda ndege mpaka Washington ili asikizwe. Ni nani kati yetu atakayepanda ndege? Safari yetu sisi haina budi kuwa fupi: kutoka gereji mpaka ofisi ya chama. Na mlango wa ofisi hiyo ukiwa umefungwa, au mjumbe akisema "usituletee matata," basi chama hicho ni kazi ya kukusanya michango tu.

NA SISI WENYEWE TUJISEME

Haifai kumlaumu tajiri peke yake na kujisahau. Ni mara ngapi fundi ameisikia injini inanoki, akaambiwa "funga tu, itamaliza mwezi," naye akafunga? Ni mara ngapi dereva amesema breki hazishiki, wenzake wakamcheka na kumwita mwoga? Ni mara ngapi mwenzetu ameandika malalamiko, akafukuzwa, nasi tukasema "alijitakia"? Siku tunayomcheka mwenzetu anayesema, tajiri hana haja ya kututisha. Tumekwisha kujitisha wenyewe.

Wala tusimlaumu mfanyi kazi wa mashine kule Alabama. Yeye alifanya kazi kwa utaratibu aliopewa. Kampuni yenyewe ilisema kwamba kosa lilikuwa katika namna ya kusafisha krankshafti, na kwamba iliibadilisha namna hiyo mwaka 2012. Utaratibu huwekwa na wakubwa. Na katika miaka ile wafanyi kazi wa kiwanda kile hawakuwa na chama. Tafakarini basi: mahali pasipo na chama, mtu anayeona vichembe juu ya meza atamwambia nani?

TUNAYOYATAKA

Kwa hivyo twataka mambo haya yatiwe katika mapatano yetu na matajiri, yaandikwe na kutiwa sahihi:

1. Kila gari la kazi liwe na kitabu cha kasoro. Dereva aandike alilosikia na tarehe, fundi aandike aliloona, na msimamizi atie sahihi kwamba amesoma. Nakala ibaki kwa mjumbe wa chama. Msimamizi asiyetaka kutia sahihi, aandikwe kwamba alikataa.

2. Mshahara wa mtu usikatwe kwa ajili ya injini iliyokufa mpaka injini ifunguliwe mbele ya mjumbe wa chama, na sababu ya kufa kwake iandikwe.

3. Kila gari linalonunuliwa, namba yake ya chesisi itazamwe katika orodha za mtengenezaji kabla halijaanza kazi, na baadaye kila mwaka, ijulikane kama liliitwa na kama lilitengenezwa. Kazi hii ni ya tajiri, maana ndiye anayekula faida ya gari.

4. Mfanyi kazi anayetoa habari ya hatari, awe ameitoa kwa msimamizi, kwa chama au kwa serikali, asifukuzwe, asihamishwe, asipunguziwe kazi. Tajiri akisema amemfukuza kwa sababu nyingine, aionyeshe sababu hiyo mbele ya chama kwanza.

5. Serikali imlazimishe kila anayeingiza magari yaliyotumika kumwonyesha mnunuzi karatasi ya kwamba gari halina deni la kuitwa.

Hatuombi zawadi ya dola milioni 24. Hatuombi hata shilingi moja kwa kusema kweli. Twaomba mtu akisema kweli asubuhi, jioni awe angali na kazi yake.

Basi, ndugu, kuanzia Jumatatu kila dereva na alete daftari, hata liwe la shilingi chache, aandike gari lake linavyolia. Kila fundi atie alama yake chini. Mjumbe azikusanye kila mwisho wa wiki na kuzileta ofisini. Siku tutakayokaa mezani na matajiri tutaweka madaftari hayo mbele yao. Mmoja akisema peke yake hufukuzwa. Tukisema mia kwa pamoja, itawabidi wafungue injini watazame.

Umoja ni nguvu.